Idhini ya safari imekwama? Anza na mistari miwili ya chini ya pasipoti

Januari 2024 Kenya iliwaondolea wageni viza, na mahali pake ikaweka idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ile inayoitwa eTA. Haikuwa nchi ya kwanza. Marekani imekuwa ikidai ESTA tangu Januari 2009 na Canada ina eTA yake tangu 2016. Uingereza ilianza na raia wa Qatar Novemba 2023, Oman na majirani zake wa Ghuba wakafuata Februari 2024, kisha zamu ikawafikia Wamarekani na Wakanada Januari 2025, na raia wa nchi za Ulaya Aprili ya mwaka huohuo. Familia nyingi za pwani zina watu Maskati, Leicester, Toronto na Minneapolis. Mara kuna arusi Mombasa, mara kuna mgonjwa wa kuangaliwa London, na kila safari ina fomu yake.

Hapa sifundishi kujaza fomu kuanzia mwanzo. Naandika kwa ajili ya mtu aliyekwisha kujaza, ikakwama, na siku ya ndege inakaribia. Malalamiko nimeyaweka kama watu wanavyoyatamka, kisha chanzo chake na la kufanya. Nikiwa mtu wa kujazia ndugu fomu hizi, nimeona kwamba sehemu kubwa ya matatizo hutokana na jambo moja: mfumo hauna habari na mtu, unaijua pasipoti tu. Kila kisicholingana na pasipoti, hata kwa herufi moja, kwake ni mtu mwingine.

Kabla ya yote, soma mistari miwili

Fungua ukurasa wenye picha yako. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi kubwa, tarakimu na alama za <. Kila mstari una nafasi 44. Sehemu hiyo imewekewa kanuni na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ndiyo maana mashine moja inaisoma pasipoti ya Oman, ya Uswidi na ya Kenya bila kubabaika.

Mstari wa kwanza una herufi P, nchi iliyoitoa pasipoti, jina la ukoo, alama mbili za <, halafu majina mengine. Wa pili una nambari ya pasipoti katika nafasi tisa za mwanzo. Nafasi ya kumi ni tarakimu ya ukaguzi, ambayo si sehemu ya nambari yako. Baada ya hapo ni uraia, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na tarehe ya pasipoti kumalizika. Tarehe huko huanzia mwaka, kisha mwezi, kisha siku.

Jaza fomu kwa kuangalia ukurasa huo. Usitumie cheti cha kuzaliwa, wala kitambulisho, wala jina ambalo mtaa mzima unakuitia.

"Uraia wangu haumo kwenye orodha"

Hili lina maana mbili zinazopingana, na watu huzichanganya. Ama huhitaji idhini kabisa, ama idhini hiyo si yako na unatakiwa viza.

Kwa Kenya, raia wa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa hawajazi eTA. Jumuiya ya Afrika Mashariki imewasamehe. Mwenye pasipoti ya Kenya naye hajazi, wala mwenye kibali halali cha kazi au cha ukaazi nchini humo. Januari 2025 Baraza la Mawaziri la Kenya liliamua kuwasamehe karibu Waafrika wote, isipokuwa raia wa Somalia na Libya. Lakini orodha hizi hubadilika, hivyo isome kwenye tovuti ya serikali wiki unayokata tiketi. Usitegemee alichoambiwa binamu yako mwaka juzi.

Upande wa pili ni mchungu. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda hawezi kutumia ESTA ya Marekani, ETA ya Uingereza wala eTA ya Canada. Anahitaji viza, pamoja na alama za vidole na gharama zake. Mtu anayekuuzia ESTA kwa pasipoti ya Tanzania anakuibia.

Wenye uraia wa nchi mbili ndio wanaochanganyikiwa zaidi. Raia wa Uingereza hapewi ETA ya Uingereza, hata kama pasipoti aliyoishika ni ya Oman au Marekani. Anatakiwa aonyeshe pasipoti ya Uingereza, au cheti cha haki ya ukaazi. Kwa muda mrefu mashirika ya ndege yalilegeza jambo hili, lakini tangu Februari 2026 yanatakiwa kulisimamia. Canada vilevile: raia wake hapewi eTA, na bila pasipoti ya Canada anaweza kuachwa uwanjani. Kwa hiyo kama ulipata uraia wa huko miaka mingi iliyopita ukaacha pasipoti ikafa kwa kuwa unaishi Maskati, tatizo lako si fomu. Nenda ukafufue pasipoti.

Mkenya mwenye uraia wa pili, ambao Katiba ya 2010 inauruhusu, aingie Kenya kwa pasipoti yake ya Kenya, na kutokea London aonyeshe ya Uingereza. Abebe zote mbili. Kaunta ya kuondoka wataitaka inayomruhusu kuingia anakokwenda.

"Mimi nimetozwa dola 95, mwenzangu kalipa 30 na ushei"

Umepitia kwa wakala bila kujua. Andika jina la idhini yoyote kwenye injini ya kutafutia, na yanayotokea juu kabisa ni matangazo: tovuti zenye bendera, nembo ya tai au ngao na mikuki, na fomu inayofanana na ya serikali. Baadhi hupeleka maombi yako kweli na kujilipa tofauti. Nyingine huchukua fedha na picha ya pasipoti yako, zikanyamaza.

Soma anwani kuanzia mwisho wake wa kulia, kabla ya mkwaju wa kwanza. Ya Kenya ni etakenya.go.ke, na mwisho wa go.ke haupewi mtu binafsi. Ya Marekani ni esta.cbp.dhs.gov. Ya Uingereza imo ndani ya gov.uk, na ya Canada ndani ya canada.ca. Tovuti inayoweka maneno "kenya", "eta" na "gov" mwanzoni kisha ikaishia na .com au .org ni duka la mtu.

Bei rasmi nazo zinasaidia kunusa. Kenya ni dola 30, na ada ndogo ya malipo juu yake. Canada ni dola 7 za Canada. Uingereza ilipandisha kutoka pauni 10 hadi 16 Aprili 2025, na huenda imepanda tena tangu hapo. Marekani ilipanda kutoka dola 21 hadi 40 tarehe 30 Septemba 2025, kwa hiyo hapo usishtuke ukiona 40.

Kama umeshalipa, mdai wakala nambari ya maombi. Ukiipata, ingia kwenye tovuti ya serikali ukatazame hali yake mwenyewe, kwa sababu mawakala wengi huweka barua pepe yao kwenye fomu na majibu huishia kwao. Ukinyimwa nambari, chukulia kwamba hakuna kilichopelekwa: jaza upya kwenye tovuti halisi, kisha iambie benki yako unapinga malipo yale.

"Jina langu halikubaliwi" au "jina limetoka tofauti"

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi, maana fomu hizi zilitungwa na watu wenye jina moja la kwanza na moja la ukoo.

Alama ndogo ndogo ndizo za kwanza kuleta shida. Kwenye mistari ya chini hakuna ritifaa wala nukta za juu. Ng'ang'a huandikwa NGANGA. Kistari cha Al-Harthy hugeuka kuwa nafasi. Aliyeolewa Uswidi akaitwa Sjöberg atajikuta SJOEBERG, na Müller wa Ujerumani ni MUELLER. Ukiandika alama ambayo mfumo hauijui, fomu hukataa na mara nyingi haisemi kwa nini. Andika kama mistari ilivyoandika.

Pili ni urefu. Nafasi za majina kwenye mstari wa kwanza ni 39 tu. Mtu wa Oman mwenye jina lake, la baba, la babu, la babu wa baba na la kabila, na "bin" katikati yao, huenda jina lake likakatika hapo chini huku juu likiwa zima. Ikiwa fomu ina nafasi ya kutosha, andika lote kama lilivyo juu, bila kubadilisha mpangilio. Ikiwa haina, fuata ya chini. Usijitungie ufupisho wako.

Tatu ni jina moja tupu. Wapo wenye pasipoti yenye jina moja, bila la ukoo. Marekani hutaka jina hilo liende sehemu ya ukoo, na sehemu ya jina la kwanza iandikwe FNU, kifupi cha Kiingereza cha "jina la kwanza halijulikani". Canada hutaka liende sehemu ya ukoo na nyingine iachwe wazi. Usilirudie jina mara mbili ili kuridhisha fomu, kwa kuwa hilo halitalingana na tiketi.

Nne, tiketi yenyewe. Kuna anayejaza idhini sawasawa kisha tiketi ikakatwa na shemeji kwa jina la nyumbani, au dada aliyeolewa juzi akakatiwa tiketi kwa jina la mume ilhali pasipoti ina la baba. Kwenye kaunta vitu vitatu hulinganishwa, na cha kurekebishwa ni tiketi, kwa kupiga simu kwa shirika la ndege mapema. Kurekebisha herufi siku ya safari ni kuomba msamaha na kulipa.

Waliozaliwa Unguja nao wana fundo dogo: mahali pa kuzaliwa kwenye pasipoti ni Zanzibar, lakini orodha ya nchi kwenye fomu haina Zanzibar. Chagua Tanzania kwenye nchi, na kwenye mji uandike Zanzibar. Usiuchanganye na uraia. Huo ni wa pasipoti uliyoishika.

"Wanasema nambari ya pasipoti haipo"

Angalia sifuri na herufi O. Ndiyo sababu ya kwanza, na ni rahisi kuithibitisha. Pasipoti za Ujerumani, kwa mfano, hazitumii irabu kwenye nambari, kwa hiyo unachokiona kama O ni sifuri daima. Linganisha pia 1 na I, 8 na B, 5 na S.

Sababu ya pili: umenakili kutoka mstari wa chini ukabeba na tarakimu ya ukaguzi. Nambari ya pasipoti ya Uingereza ina tarakimu tisa. Ukihesabu kumi, toa ya mwisho. Ya tatu: simu yako imejijazia nambari ya pasipoti ya zamani iliyoikumbuka kutoka fomu nyingine. Zima kujaza kwa otomatiki unapofanya kazi hii.

Likishapelekwa, kosa la nambari halifutiki. Canada na Marekani hutaka maombi mapya na ada mpya. Kwenye ESTA vinavyorekebishwa baadaye ni vitu kama barua pepe, simu na anwani ya kufikia. Uingereza nayo huifunga idhini kwenye pasipoti iliyoombewa. Kwa hiyo ukigundua kosa usiku, usisubiri kuona kama "watapitisha tu". Kompyuta inaweza kuidhinisha maombi yenye nambari ya kosa, nawe ukasherehekea, kisha kaunta ikakuambia huna kitu.

"Picha inakataliwa kila nikiipandisha"

Picha ya pasipoti ikikataliwa, tatizo huwa ni mng'aro wa ile karatasi ya plastiki juu ya mistari miwili. Zima taa ya kamera, laza pasipoti mezani karibu na dirisha mchana, piga kutoka juu kabisa. Pembe zote nne zionekane na kidole kisifunike kitu.

Picha ya uso: ukuta mweupe au wa rangi hafifu, miwani vua, usicheke. Anayejistiri kwa mtandio kwa sababu ya dini haambiwi avue. Uso tu uonekane wote, kuanzia kidevu hadi paji, bila kivuli cha nguo kwenye mashavu. Nimeona kina mama wakikataliwa kwa kivuli na wakadhani ni mtandio.

Picha za iPhone mara nyingi huhifadhiwa kwa HEIC, ambayo fomu nyingi haziifahamu. Igeuze iwe JPG. Na picha iliyopitia WhatsApp hubanwa ikafifia, kwa hiyo mwambie mwenzako aitume kama faili. Hapo niseme jambo moja lisilohusu fomu: hiyo kamati ya arusi inayokusanya pasipoti za wageni wote kwenye kundi la WhatsApp la watu 140 ifungwe leo. Ukurasa huo ndio unaotumiwa na matapeli kufungulia akaunti. Kila mtu amtumie mmoja anayejaza, naye azifute akimaliza.

"Msimbo wa kuthibitisha hauji"

Tazama kwenye barua taka. Kisha tazama ulivyoandika anwani. "Gmial" imewachelewesha wengi. Ukiomba msimbo mara tatu mfululizo, ule wa mwisho tu ndio unaofanya kazi. Tumia barua pepe unayoweza kuifungua ukiwa safarini, si ya ofisi ambayo hufunguka ukiwa kazini tu. Kama unamjazia mzazi, weka yako, umwambie.

"Kadi imekataa" na dada yake, "nimekatwa mara mbili"

Kadi nyingi hukataliwa na benki ya mwenye kadi, si na tovuti. Benki inaona malipo ya dola kwenda nchi nyingine saa tano usiku, inashtuka, inafunga. Ipigie au ruhusu malipo ya mtandaoni na ya nje kwenye programu ya benki. Pia huenda msimbo wa benki unatumwa kwenye laini uliyoitoa kwenye simu ulipoweka laini ya ugenini.

Kadi si lazima iwe ya msafiri. Mwenyeji Mombasa anaweza kumlipia mgeni, na kadi ya Visa ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya M-Pesa ni kadi kama nyingine, mradi tovuti inapokea Visa.

Skrini ikiganda baada ya kubonyeza kulipa, ondoa kidole. Usirudi nyuma, usibonyeze tena. Fungua ukurasa wa kutazama hali ya maombi kwa nambari yako, na tazama taarifa ya benki. Malipo yakiwa yametoka lakini maombi yanasomeka hayajalipwa, ngoja saa chache kabla ya kuandikia kitengo cha msaada, ukiambatisha nambari ya muamala. Ada hizi hazirudishwi kirahisi, kwa hiyo kulipa mara ya pili kuwe hatua ya mwisho. Kwa ESTA kuna mtego mwingine: maombi yaliyojazwa yasilipiwe ndani ya siku saba hufutwa.

"Bado inasubiri, na ndege ni keshokutwa"

Kenya husema siku tatu za kazi. Siku za kazi, sisi sote tunajua. Aliyetuma Alhamisi jioni kabla ya sikukuu asihesabu Jumapili. Uingereza nayo hutoa majibu ndani ya siku tatu za kazi kwa kawaida, mara nyingi mapema zaidi. Marekani hushauri saa 72 kabla ya kuondoka. Canada hujibu wengi kwa dakika chache, lakini akiombwa nyaraka huweza kuchukua siku kadhaa.

Maombi ya Kenya yakikawia kupita hapo, chungulia barua pepe kwanza. Mara nyingi wameuliza kitu na hukuona. Kinachoulizwa sana ni mahali pa kufikia. Mgeni anayelala hoteli ana karatasi ya hoteli, lakini anayelala kwa shangazi Kisauni hana. Mwenyeji aandike barua fupi ya mwaliko yenye jina lake, anwani, simu na tarehe za mgeni, na aambatishe nakala ya kitambulisho chake. Kuandika jina la hoteli usiyolala, ili tu fomu ipite, ni kujitafutia maswali uwanjani.

Sababu nyingine ni pasipoti yenyewe. Kenya hutaka iwe na angalau miezi sita tangu siku ya kuwasili, na ukurasa mmoja mtupu. Na kila msafiri ana maombi yake, hata mtoto mchanga. Familia hukwama kwa kuwa mtoto alisahauliwa.

Usitume maombi ya pili huku ya kwanza yakiwa hai. Hayaharakishi kitu, na mara nyingine yote mawili husimama. Ikiwa ni keshokutwa kweli, sogeza tiketi leo, wakati bado unaweza kuisogeza kwa bei ya kistaarabu.

Wapo pia waliowahi mno. Idhini ya kawaida ya Kenya huishi siku 90 tangu kutolewa. Ukiiomba Agosti kwa safari ya Desemba, itakuwa imekufa kabla hujafunga sanduku. Za nchi nyingine ni ndefu zaidi: Marekani na Uingereza miaka miwili, Canada mitano. Zote hufa na pasipoti. Pasipoti mpya, idhini mpya, hata kama ya zamani ilikuwa na mwaka mzima mbele.

"Nimekataliwa"

Tofautisha kukataliwa kwa kosa na kukataliwa kwa sababu. La kosa (picha, nambari, nyaraka) hurekebishwa kwa maombi mapya yaliyo sahihi. La sababu halibadiliki kwa kujaribu tena na tena.

Kwa ESTA, sababu inayowashtua watu wetu wa Ulaya ni safari. Aliyewahi kwenda Somalia, Sudan, Yemen, Libya, Syria, Iraq, Iran au Korea Kaskazini tangu tarehe 1 Machi 2011 hastahili ESTA, isipokuwa kwa misamaha michache. Cuba nayo imo, kwa aliyeingia tangu Januari 12, 2021. Raia wa Denmark aliyekwenda Mogadishu kumzika baba yake amo ndani ya kanuni hiyo sawa na mtalii. Hii si hukumu juu yake. Ina maana moja tu, kwamba aombe viza ya kawaida ya kutembelea kwenye ubalozi, na mahojiano ya ubalozini huchukua wiki au miezi kupatikana.

Uingereza hukataa ETA kwa aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, na kwa aliyetiwa hatiani ndani ya miezi 12 iliyopita. Hakuna rufaa. Njia iliyobaki ni viza, ambako mtu wa kweli atasoma maelezo yako.

Jaribu la kudanganya huja hapa: kujibu "hapana" kwenye swali ulilojibu "ndiyo" mara ya kwanza. Majibu yako ya mwanzo yamehifadhiwa. Kukataliwa kwa safari ya Mogadishu unaweza kukueleza kwenye mahojiano. Uongo ukikutwa hukufungia mlango kwa miaka.

"Imekubaliwa, lakini kaunta wananirudisha"

Usigombane na yule kijana wa kaunta. Anatazama skrini mbili: moja inauliza serikali kama pasipoti hii ina ruhusa, nyingine ni Timatic, hazina ya masharti ya kuingia nchi zote ambayo mashirika ya ndege huitumia. Akipitisha mtu asiyestahili, shirika hutozwa faini na kumrudisha kwa gharama yake.

Muombe kwa upole aandike nambari ya pasipoti kwa mkono badala ya kuisoma kwa mashine, na alinganishe na iliyo kwenye idhini yako. Mara nyingi umempa pasipoti ya pili, au nambari uliyojaza ina ile O. Hilo la pili likiwa ndilo, kaa pembeni ujaze upya papo hapo. Canada na Uingereza wakati mwingine hujibu kabla ndege haijafunga, Kenya usitegemee.

Idhini ya Uingereza haina karatasi, imefungwa kwenye pasipoti. Ya Kenya huja kama waraka wenye msimbo wa QR. Ichapishe, na uihifadhi kwenye simu mahali pasipohitaji intaneti. Ishike pamoja na tiketi ya kurudi na ile barua ya mwenyeji, kwa kuwa idhini hukupandisha ndege tu. Anayekuruhusu kuingia ni afisa wa uhamiaji, naye ana haki ya kuuliza.

"Mimi napita tu"

Inategemea unapita wapi. Nairobi, ukibaki ndani ya uwanja kungoja ndege inayofuata, huhitaji eTA. Ukitoka kulala hoteli, unaihitaji. Ukiwa na tiketi mbili tofauti na begi lako linabidi kuchukuliwa na kupelekwa upya, basi unavuka uhamiaji hata kama hukupanga, na idhini inatakiwa. London Heathrow na Manchester, tangu Januari 2025, abiria asiyevuka mpaka hadaiwi ETA. Marekani haina kupita bila kuingia: hata saa mbili za kubadilisha ndege zinadai ESTA. Canada pia hutaka eTA kwa wanaopita.

"Nimekwenda Zanzibar, nataka kurudi Mombasa"

Wageni wa arusi hufanya hivi sana, na mipango yao huwa ya dakika za mwisho. Kwanza Tanzania ina mlango wake: viza ya mtandaoni au ya kupokelewa uwanjani, dola 50 kwa wengi na 100 kwa Mmarekani. Zanzibar, tangu Oktoba 1, 2024, humtaka kila mgeni wa nje awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima yake ya kwao. Na anayetokea Kenya ajiandae kuulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Idhini ya kawaida ya Kenya ni ya kuingia mara moja. Anayejua tangu mwanzo kwamba atatoka na kurudi apange kwa kujua hilo, na aulize Uhamiaji kuhusu ratiba yake kabla ya kuondoka Mombasa, si akiwa Forodhani. Ile viza ya utalii ya Afrika Mashariki ya dola 100, siku 90 na kuingia mara nyingi, hushughulikia Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo, kwa hiyo haimsaidii mtu wa Mombasa na Unguja. Huyo, Uhamiaji wakimwambia anahitaji eTA nyingine, aijaze siku tatu za kazi kabla ya kurudi, kwa pasipoti ileile na jina lileile.